Njia Inayopinda Bila Sababu

Garissa, jioni

Hodan, aabo,

Nimerudi kutoka msituni sasa hivi. Viatu vyangu viko mlangoni na vumbi lake. Sijavipangusa, ili ukirudi uvione kabla hujanisikia nikisema lolote. Wewe bado uko kwa habaryar wako Nimo, na kwa ninavyomjua huyo dada wa mama yako, hatakuachilia mpaka akwambie tena mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutunza vyeti. Hayo yote nimemwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na nikilisema kwa mdomo utanikatiza kama kawaida yako, "Aabo, tutaongea baadaye," halafu uingie jikoni.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika. Shule yangu iliishia darasa la nane, na Kisomali changu kiko mdomoni tu. Unamkumbuka yule mwalimu wako wa darasa la pili, aliyetoka Kitui? Alinisikia nikikuita aabo pale lango la shule, kama baba yeyote wa kwetu anavyomwita mtoto wake kwa jina lake mwenyewe la ubaba. Akashangaa, akauliza, "Mzee, sasa kati yenu wawili baba ni nani?" Ukamjibu wewe, na meno ya mbele huna, "Ni yeye, lakini ananiazima." Nilicheka njia nzima. Mama yako alipoambiwa alisema, "Huyo atakuwa dalali kama wewe." Ukawa muuguzi. Alhamdulillahi, mmoja katika nyumba alitosha.

Jambo lenyewe ni hili. Kituo cha afya cha Elwak kilikuita mwaka jana. Ulikuwa umeshapanda gari, begi liko juu, ukaniona nimesimama kando ya gurudumu, ukashuka. Wamekuita tena. Gari ni kesho asubuhi, na Nimo ameniambia jana ulimwuliza kama bado kuna nafasi ya kuwapigia simu useme huendi. Begi lako nimeliona. Lina shuka moja na kitabu.

Unaogopa kuniacha. Tangu tumzike mama yako, na kliniki ikaniambia kwamba hata mimi damu yangu ina sukari, ni wewe uliyenitoa kitandani kila asubuhi, ukasimama mlangoni na viatu vyangu mkononi, ukanizungusha msitu kama mtu anayemfundisha ndama kutembea. Unaamini siku utakayoondoka nitalala kwenye mkeka nisiinuke. Sikulaumu kwa kuamini hivyo. Hata mimi niliamini hivyo mpaka leo alasiri.

Leo, baada ya sala, nimezunguka peke yangu. Mzunguko mzima. Tulia nikutembeze nilivyotembea.

Komora, mlinzi wetu wa langoni, alikuwa amekaa kwenye kibao chake akiguguna tunda la mkoma. Aliangalia nyuma yangu, akangoja, akaangalia tena.

"Binti yuko wapi?"

"Anajitayarisha kwa safari."

"Na wewe?"

"Mimi natembea."

"Peke yako?"

"Kwani unaona mtu mwingine?"

"Naona mzee ambaye juzi alilia kwamba njia ni ndefu."

"Hata leo ni ndefu."

"Basi nenda kabla haijaongezeka," akasema, akarudia tunda lake.

Njia hiyo unaijua kuliko mimi. Haina mlima, haina jiwe la kumwangusha mtu. Inashika kushoto kati ya mawe ambayo vijana waliyapaka chokaa, inapita pale tulipofyeka miiba ya mathenge mwaka ule watu wa mtaa walipokubaliana kwamba hakuna tena kuchoma makaa humu, halafu inateremka kidogo kwenda mtoni. Hapo mwanzo bado unaisikia Garissa yote: honi, mbuzi wa soko, mwadhini anayejaribu kipaza sauti. Ukifika kwenye mikoma, mji unanyamaza. Mtoto anaweza kuimaliza njia hiyo. Mama yako, aliyezaliwa nyuma ya ngamia huko Wajir na kutembea mwendo wa visima tangu utotoni, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeshindwa nayo.

Ulikuwepo siku ile ya kliniki, lakini ulibaki nje na foleni ya dawa. Muuguzi alimwambia, "Mama, utembee kila siku."

"Niende wapi?"

"Popote."

"Popote ni wapi?"

"Zunguka tu, mama, halafu urudi nyumbani."

Mama yako alicheka mpaka muuguzi naye akacheka. Njiani akaniambia, "Baba Hodan, umesikia? Mtu mzima nitoke nyumbani mikono mitupu, nirudi mikono mitupu, nikiulizwa niseme nilikuwa natibiwa."

Kesho yake wewe ukasema kuna msitu wa jamii, kuna njia nzuri, twende wote. Tulifika tu kwenye mikoma, ukageuka kunionyesha ndege, mama hayupo. Uliita, "Hooyo! Njia iko huku!" Tukamtafuta mtoni, tukamtafuta kwenye migunga. Tuliporudi langoni tulimkuta ameketi na Komora, ameshamuuliza habari za ukoo wake wote wa Kipokomo, na miguu ameinyoosha.

"Nyinyi mlikuwa wapi?" akatuuliza. "Njia yenu hii inapinda bila sababu. Aliyeichora hakuwa na kiu."

Leo nilipofika pale alipoiacha njia akakata moja kwa moja hadi langoni, nilisimama. Nilimwelewa. Kwa watu wetu kila mwendo una kisima mwishoni, au soko, au msiba, au harusi. Anayezunguka porini akarudi alipotoka ni mmoja tu, mtu aliyepotelewa na mnyama. Ndiyo sababu alipoanza kwenda peke yake, wewe umerudi chuoni na mimi niko sokoni, alichukua kamba. Aliishika hivi mkononi, imekunjwa, aonekane ana shughuli.

Hapo penye mkuyu mkubwa, mto unapojipinda, ndipo dereva wa lori aliyekuwa ananawa alipomwona. Na wewe unajua desturi. Ukimwona mtu na kamba akiangalia vichaka, hupiti kama hujaona. Unasimama, unauliza ni mnyama gani, rangi gani, chapa gani. Ukishaambiwa, maneno hayo umeyabeba, na kila utakapokutana na wachungaji ni lazima uyatue kwao, nao wayapeleke mbele. Dereva akauliza, kama mtu mwenye adabu. Mama yako akaona haya kusema anatembea bure. Akasema, "Ngamia."

"Wa namna gani, eedo?" akauliza, kwa heshima ya kumwita shangazi.

"Kamuulize Baba Hodan, yuko soko la mifugo."

Alikuja. Nilikuwa katikati ya madalali wenzangu, ng'ombe wanalia, vumbi limejaa. Mara aliposema "ngamia wenu" nilijua mama yako amefanya nini. Ningeweza kumvuta yule dereva pembeni nikamwambia. Lakini ulimi wa dalali ukiulizwa mnyama yukoje hausubiri ruhusa. Nikamwambia ni jike, mweupe wa kuelekea kijivu, sikio la kushoto limepasuliwa, anachechemea kidogo anapoanza kutembea kisha anasahau. Nilikuwa namweleza ngamia wa mama yangu, yule aliyeninywesha maziwa nikiwa mdogo na aliyekufa na ukame kabla sijaanza shule.

"Na tabia?" mwenzangu mmoja akanichokoza.

"Hakubali kukamuliwa na mtu anayeimba vibaya."

Soko likacheka. Dereva hakucheka. Aliyarudia yote kwa sauti ya chini ili asiyasahau, akapanda lori lake.

Jioni hiyo mimi na mama yako tulicheka mpaka chai ikapoa. Tukakupigia simu chuoni ukacheka na wewe. Tumewasimulia wageni hadithi hii mara nyingi, na siku zote tunaishia hapo, au tunaishia Mzee Dagane, yule mfugaji wa Tarbaj, anapobisha hodi na watu wakavunjika mbavu. Mbele ya hapo mama yako hakupenda isimuliwe, na mimi nilimheshimu. Leo naona wewe ni wa kuijua yote, kwa sababu kesho unakwenda ilikoishia.

Baada ya mkuyu njia inatokea kwenye uwanda wa migunga, pale twiga wanapopenda kusimama jua likianza kupoa. Leo walikuwa watatu. Mama yako aliwasalimia, "Assalamu alaikum, warefu," na akaapa mbele ya Mungu kwamba mmoja huwa anaitikia. Nami leo nimewasalimia. Hakuna aliyeitikia, lakini mmoja aliacha kutafuna.

Habari ya ngamia wetu ilipomfikia, Mzee Dagane alishuka kwenye lori kutoka Tarbaj, ndevu zimepakwa hina, bakora mkononi, na hakugusa chai kabla hajasema lililomleta.

"Ngamia wenu ninaye," alisema. "Aliingia kwenye mifugo yangu. Nimemlisha misimu miwili ya mvua, na amezaa kwangu. Ndama yuko salama. Sikutaka kuwaambia kwa simu, jambo la mnyama husemwa uso kwa uso."

Mama yako aliweka birika chini polepole, akanitazama. Mimi nikauliza, kwa ujanja wa kazi yangu, "Sikio gani?"

"La kulia."

"Ah! Letu ni la kushoto."

Nilidhani nimeokoka. Mzee akatikisa kichwa. "Habari ikitembea njia ndefu hugeuza sikio. Mengine yote ni yeye, hata kule kuchechemea."

"Baba Hodan, acha," mama yako akasema. Akavuta shashi yake ya kichwani vizuri, akamgeukia mzee kwa heshima ya kumwita ami. "Adeer, hakuna ngamia. Nina ugonjwa wa sukari. Niliambiwa nitembee."

"Sukari?"

"Sukari."

"Na kamba?" akauliza, akaizungusha bakora yake kwenye mkeka, akingoja.

"Ni haya tu, adeer. Niliona haya."

Mimi nilingoja mzee acheke au akasirike. Aliilaza bakora yake kwenye mkeka. Akasema, "Kuna mwanamke wa Elwak alikuja kwangu. Alisema ngamia ni wake, na sikio alisema la kulia, bila mimi kumwambia. Nikamjibu, mama, huyu anatafutwa na watu wa Garissa, wanamjua hadi hatua yake. Nilimrudisha mikono mitupu. Nilimrudisha kwa ajili yenu."

Mama yako alijifunika mdomo na shashi. Hakulia. Aliamka, akatia nguo zangu kwenye mfuko, akaniambia, "Nenda naye. Mimi nitaendelea kuzunguka mpaka urudi."

Nilikwenda. Tarbaj nilimwona yule ngamia, na Mungu ni shahidi, Hodan, nilipomwona akianza kutembea kwa kuchechemea nilisahau kwamba mama yangu na ngamia wake walikufa zamani. Mzee Dagane akatuma watu wake wampeleke yeye na ndama wake kwa mwenyewe, na mimi nikatangulia Elwak kwa lori la mchele. Mwanamke huyo anaitwa Habiba. Ni mjane. Anauza maziwa ya ngamia sokoni, chini ya turubai, na wateja wake humsikiliza kama redio.

"Kumbe wewe ndiye dalali wa Garissa," alisema kabla sijamaliza salamu. "Tumekusikia. Wewe unauza hata ngamia ambaye mama yake hajazaliwa!"

Watu wakacheka, na mimi nilistahili. Nilimweleza yote palepale, mbele yao, bila kupunguza: ugonjwa, kamba, dereva, ulimi wangu. Alikuwa anamimina maziwa kutoka chombo kimoja hadi kingine huku ananisikiliza, wala hakumwaga hata tone. Nilipomaliza nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Kwa hiyo mkeo alikuwa anatembea," akasema.

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Sokoni."

"Nani alikuwa naye njiani?"

Wateja walikuwa wananyoosha vikombe vyao na yeye hakuwaangalia, aliniangalia mimi.

"Alikuwa na kamba," nikasema.

Hakuna aliyecheka hapo. Habiba alinijazia kikombe cha maziwa. "Kunywa," akasema, "halafu nenda nyumbani."

Aabo, nimeishi na swali la mwanamke yule miaka yote hii. Uongo wetu ulirekebishika, ngamia alirudi kwa mwenyewe. Lakini mke wangu alikuwa anaugua, na mtu mgonjwa anayeona haya anahitaji mwenzake, na mimi nilikuwa na kazi ya kuwachekesha watu sokoni. Sikuwa mume mbaya. Nilileta dawa, nilileta nyama, nilimuuliza kila jioni, "Umetembea?" Niliona hiyo inatosha.

Niliporudi nilianza kutembea naye. Kamba akampa Komora afungie mbao zake. Siku za kwanza hatukujua tuseme nini. Nyumbani kuna mlango wa kufunga na mtoto wa kuita na sufuria ya kuchungulia, na mambo hayo huwasaidia mume na mke wasionane. Njiani hakuna kitu. Unatembea tu na mtu wako. Nilijifunza kupunguza hatua. Nilijifunza kwamba anapenda kunyamaza kutoka langoni hadi kwenye mkuyu, na kuongea kutoka kwenye mkuyu hadi kwenye mikwaju. Aliokota kwaju zilizoanguka akazitia kwenye upindo wa shashi, akanipa moja moja, na nikikunja uso kwa ukali wake alifurahi kama mtoto. Siku moja tulisimama pale alipokata siku ya kwanza. Akapima kwa macho, huku na huku, akasema, "Ona hasara niliyopata. Mikwaju yote iko upande ule."

Tulitembea hivyo mpaka miguu yake ilipovimba. Hata baadaye, alipokuwa hawezi kufika kwenye mkuyu, tulikaa langoni na Komora, na yeye alimwamrisha kwa Kiswahili chake kile, "Wewe Komora, hii mti yako inakula nguo yangu, kata bwana," na Komora akajibu, "Mama Hodan, mti haujakukosea, ni wewe umeusogelea." Kila siku maneno yaleyale, na kila siku wote wawili walicheka.

Hospitalini ulijua kabla yangu. Ulinitazama juu ya kitanda chake, nami nikajua kwamba umejua. Nakushukuru kwamba hukunidanganya siku ile. Ulisema tu, "Aabo, mshike mkono huu, wenye joto." Nilimshika. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo niliposimama leo kwa muda mrefu, kwenye mikwaju, na jua limeinama.

Uliposhuka kwenye gari mwaka jana, ulianza kuwaambia watu kwamba barabara ya Mandera, inayokupeleka Elwak, ni mbaya, usalama hauko, utakwenda mambo yakitulia. Ni kweli njia ile ina mambo yake na hakuna aliyekushangaa. Nami nilipoulizwa sokoni nilisema vivyo hivyo, barabara, barabara. Nyumbani ukiniuliza, "Aabo, uko sawa?" nilisema niko sawa. Nikikuuliza mimi, ulisema uko sawa. Kaya nzima tukawa tunatembea na kamba mkononi. Wewe uliyefundishwa kutibu watu umekaa mwaka mzima unanivisha viatu, na huko Elwak kuna mama anayejifungua usiku na hakuna wa kumshika. Namna tulivyomrudisha Habiba mikono mitupu bila kumjua, ndivyo tunavyowarudisha hao, mimi na wewe, kwa maneno yetu matamu.

Kwa hiyo nakwambia lililo kweli. Siko sawa. Asubuhi naamka nikiwa nimegeukia upande wake. Bado namimina chai vikombe viwili, cha pili nakinywa mimi ili kisibaki. Leo baada ya mikwaju, pale njia inapopakana na mashamba ya migomba, nilikaa kwenye gogo nikalia. Si machozi ya kufuta kwa kidole. Nililia mpaka kofia ikaanguka.

Mama mmoja wa shambani alikuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama.

"Mzee, kuna shida?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari ulimini, limezoea kutoka lenyewe. Nikamwambia, "Mke wangu alifariki. Binti yangu anaondoka kesho. Nimeambiwa na daktari nitembee, na nimechoka."

Aliutua ule mkungu. Akaokota kofia yangu, akaipiga vumbi kwenye goti lake, akanipa. "Pole sana," akasema. "Basi inuka polepole. Mimi pia naelekea langoni." Akatangulia, na njia nzima aliwasema ngedere, namna walivyo na adabu mbaya, namna wanavyouma ndizi moja moja na kuacha, wasile moja wakaimaliza. Sikutakiwa kuongea. Tulipofika langoni Komora alisimama kutoka kwenye kibao chake, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote, akafungua lango lote, kana kwamba napita na mifugo.

Ndivyo nilivyozunguka. Nimechoka, nimelia, nimefika. Yule mama anaitwa Mwanajuma, na hupita pale kila alasiri. Nimemwambia kwamba nikipita asubuhi nitamkosa, akasema basi nibadilishe saa.

Kazi yako siifahamu, siwezi kukushauri. Ninachojua ni kwamba watakuja kwako watu wenye haya. Atakuja mzee aseme ni mgongo, kumbe ni kitu kingine kilichomshinda kutaja. Atakuja msichana aseme amesindikiza mwenzake. Usiwacheke, na usiwabane. Wape muda kama Mzee Dagane alivyompa mama yako, akazungusha bakora yake mpaka neno likatoka. Na wewe mwenyewe jioni ukimkumbuka mama, mtu akakuuliza kwa nini umenyamaza, mwambie. Elwak si mji wa wageni kwako. Habiba alinipigia siku za tanzia, na amenipigia tena jana. Anasema chumba kipo karibu na kwake. Atakutania kuhusu mimi kila siku ya Mungu. Mwache, ana haki.

Ukinipigia, usiniulize kama niko sawa. Niulize nimeona nini njiani, nami nitakwambia.

Kesho abti wako Yusuf, kaka wa mama yako, atakuja na gari lake baada ya sala ya alfajiri, akupeleke stejini. Mimi sitakuja. Usikasirike, na usidhani ni moyo mgumu. Nikisimama pale utanitazama dirishani, utaanza kuusoma uso wangu kama unavyosoma wagonjwa, na tunajua wote wawili mguu wako utakwenda wapi. Tutaagana hapa mlangoni. Nitaweka mkono kichwani kwako niombe dua, na sitaifupisha. Halafu wewe utaingia garini kwa Yusuf, na mimi nitashika njia yangu ya msituni mapema, hata kama Mwanajuma hajafika.

Gari linapoiacha Garissa nitakuwa mahali fulani kati ya mikoma na mto, huenda ninalia, lakini ninatembea. Panda, aabo. Ukishapanda, kaa.

Baba yako,
Bare